Suruali Isiyo na Pindo

Fundi cherehani akishakaa miaka ya kutosha kwenye sare za shule, huota jicho ambalo hakuliomba. Mama Meneja alikuwa nalo. Mtoto akisimama tu mlangoni, hata hajasalimia, yeye alikwishajua kiuno chake, mabega yake na urefu wa mguu wake, na ile futi kamba aliyoining'iniza shingoni ilikuwa ya kuwaridhisha wazazi. Alijua pia nani atarefuka mwaka huo na nani atasubiri. Ndiyo maana sketi na suruali zake zilikuwa na pindo kubwa kwa ndani, vidole vitatu kwa kawaida, vinne kwa mtoto ambaye mikono imeshaanza kumzidi. Mwaka ukigeuka mzazi anarudi, pindo linafumuliwa, linashushwa, na sare inaendelea kuvaliwa. Mafundi wengine wa barabara ile walibania kitambaa. Yeye hakubania, na wateja walimfuata kwa hilo.

Kitu ambacho wateja hawakujua ni kwamba kazi hiyo ya kushusha mapindo aliichukia kuliko zote. Angeweza kushona vifungo kutwa nzima bila kununa. Lakini akiletewa sketi ya kushushwa roho ilimuuma, tena ilimuuma kweli, maana kila pindo lililoshuka lilikuwa mtoto wa mtu aliyekua. Sketi ya binti yake mwenyewe haikuwa imeguswa tangu ishonwe. Pindo lake lilikuwa mahali pake na alama ya pasi bado inaonekana.

Binti huyo mtaa mzima walimwita Meneja, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa amri. Akiwa kitandani na homa alielekeza chai ipoe wapi na pazia lifunguliwe kiasi gani, na baba yake, mwanaume mzima, fundi rangi na ngazi yake na madebe yake, alitii. Basi mama akawa Mama Meneja, baba akawa Baba Meneja, na majina yao ya kwenye vyeti yakabaki huko huko kwenye vyeti.

Meneja alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtaani wanauita siko seli. Kabla hajajua kutembea vidole vyake vilivimba, akawa akiguswa analia. Wazazi waliambiwa ni meno. Waliambiwa ni baridi. Jirani mmoja anayejua kila kitu aliwaambia ni jicho la watu, na akawataja watu wenyewe. Mpaka nesi mmoja wa kliniki, mama mnene mwenye sauti ya chini, akachukua damu, na majibu yalipotoka akawakalisha baba na mama kwenye benchi moja akawaeleza taratibu. Kila mmoja wao amebeba nusu ya ugonjwa bila kujijua. Mwenye nusu haumwi, anaishi kama watu wengine. Lakini mtoto akichukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, ndiyo haya. Chembe za damu zinajipinda zinakuwa na umbo la mundu, zinakwama njiani, na mahali zilipokwama panauma kuliko mtu mzima anavyoweza kuvumilia.

"Kila mimba ni moja kati ya nne," nesi alisema. "Na mimba haina kumbukumbu. Haijui kwamba iliyotangulia ilikuwa mbaya, ikasema ngoja niwahurumie. Ikiwa iliyotangulia ilikuwa nzuri, hilo nalo haijui."

Mama Meneja aliuliza kama kuna njia ya kujua mapema. Nesi alisema ipo, kwenye hospitali kubwa wanaweza kumpima mtoto akiwa bado tumboni. "Ila ukishajua, mama, kuna swali jingine linakusubiri, na hilo siwezi kukujibia mimi."

Mama Meneja hakutaka kukutana na swali hilo. Alikata kauli pale pale kwenye benchi kwamba hazai tena, na tangu siku hiyo akawa mtu wa sindano ya uzazi wa mpango, hakosi tarehe. Baba Meneja alitaka mwingine. Hakuwa mtu wa kugomba. Alisubiri jioni wakiwa wamekaa, akapuliza chai yake, akasema.

"Tatu kati ya nne ni nzuri, Mama Meneja. Mbona wewe unaiangalia ile moja tu?"

"Kwa sababu ile moja imelala hapo nyuma ya pazia."

"Na ungejua kabla, huyu ungemkataa?"

"Huyu simbadilishi na mtoto wa mtu yeyote. Lakini huyu alikuja hatujui. Wa pili tutakuwa tumemwita huku tunajua. Siku mifupa inamuuma, akaniuliza mama ulikuwa unajua, nitamwambia nini?"

Baba Meneja akamaliza chai.

Mpaka hapo mtu angesema huyu mama ana msimamo, na kweli alikuwa nao. Lakini ndani ya msimamo huo alikuwemo mdogo wake, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mdogo wake waliyezaliwa tumbo moja aliitwa Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yao hata meno hayajamaliza kuota, kwa kuwa alikuwa haishi kusema. Alianza mazungumzo akiwa ng'ambo ya barabara na kuyamaliza akiwa ameshaondoka. Siri ya jirani kwake ilikaa muda wa kufika nyumba ya pili. Alikuwa amechumbiwa na mdogo wake Baba Meneja, dereva wa lori, ndugu wawili wakawa wanaoa ndugu wawili, na harusi ilikuwa imekaribia wakati Meneja alipopimwa. Nesi alisema ndugu wote wapime. Yule dereva akapima, akakutwa na nusu yake kama kaka yake. Ikabaki zamu ya Chiriku.

Chiriku alisimama sebuleni kwa baba yao, mbele ya watu wote, akasema, "Mimi sipimi. Kupima ni kwenda kuuita ugonjwa kwa jina lake. Atakayekuja akaja." Akaolewa.

Akazaa wa kwanza, mzima. Akazaa wa pili, mzima. Akazaa wa tatu, mzima tena, ana mashavu hayo utadhani amehifadhi kitu ndani. Yule wa kwanza, mvulana, alirefuka mpaka watoto wenzake wakampachika jina la Twiga. Wote watatu hawakuwahi kulala wodini hata mara moja. Wakianguka wanainuka, wakinyeshewa na mvua wanacheka.

Mama Meneja aliona wivu. Tuseme kama ilivyokuwa: aliona wivu mpaka chakula kilikuwa hakishuki. Baba mmoja, mama mmoja, mume na mume wametoka nyumba moja, hatari ni ile ile; huyu amekaa na akili zake amebaki na mmoja anayelala na chupa ya maji ya moto mgongoni, na yule amefumba macho akarusha shilingi mara tatu, mara tatu amepata. Kwa kuwa wivu ni kitu cha aibu, hasa kwa watoto wadogo, alitafuta cha kuufunika, akapata dharau. Alijiambia Chiriku hana akili. Alijiambia, na akamwambia Baba Meneja, na wakati mwingine aliiambia cherehani, kwamba kuna watu wanacheza pata potea na miili ya watoto wao, na kwamba yeye hatakuwa mmoja wao hata dunia ipinduke. Akishasema hivyo alipata nafuu, anakaza uzi, anaendelea na kazi.

Ikaja ile wiki ya kufungua shule, duka limejaa wazazi, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Sauti ya Chiriku ilitangulia kufika.

"Jamani nipisheni, mimi si mteja, mimi ni ndugu! Dada, huyu mtoto ananitia aibu, suruali imekuwa kaptula. Mshonee nyingine kabisa, kitambaa hiki hapa. Na nyie akina mama mnisikie, na mimi mnisimamie foleni, maana nina mwenzangu humu." Akajipiga tumbo. "Wa nne! Nimesema nifunge, nimeshindwa kufunga."

Wazazi wakacheka, wakampongeza. Mmoja alimpa kiti. Twiga akasimama mbele ya Mama Meneja, mikono imetulia pembeni, mtoto mwenye adabu zake, akasema, "Shikamoo, Mama mkubwa." Mama Meneja akapiga magoti kumpima, ingawa hakuwa na haja ya kupima. Macho yake yalikuwa usawa wa magoti ya mtoto yule, magoti makavu yenye vumbi, yasiyovimba. Nyuma ya pazia lililotenga duka na chumba chao, Meneja alikuwa akikohoa.

"Hongera," alimwambia mdogo wake. Neno lilitoka, lakini lilikuwa na kazi kutoka.

Suruali ile aliikata mchana huo huo. Alipofika kwenye mguu, chaki mkononi, mkono ulijua pa kwenda, vidole vinne chini ya mstari. Hakuupeleka. Alichora mstari pale pale suruali ilipoishia, akaacha ukingo wa kushonea tu, akakata. Akashona, akapiga pasi, ukiitazama kwa nje ni suruali safi kabisa. Ndani hakukuwa na kitu cha kushusha. Kipande cha kitambaa kilichobaki alikikunja vizuri akamrudishia mwenyewe, kwa sababu hata akiwa na roho mbaya hakuwa mwizi.

Alijua alichokifanya. Mtu mwingine angemtukana mdogo wake, au angeacha kumtembelea. Yeye alikuwa fundi, chuki yake ikatoka kwa mkasi. Alikuwa amemwambia mtoto wa mdogo wake kwamba asiongezeke, kwa lugha ambayo ni yeye peke yake aliyeielewa. Kwa siku kadhaa alitembea na jambo hilo, na alikuwa anaona aibu na utamu kwa pamoja.

Halafu likaja jingine baya zaidi. Alijikuta anaomba. Alikuwa anaosha vyombo, na moyoni akasikia ombi likipita: huyu wa nne, basi. Huyu mmoja tu. Apate na yeye, ajue. Alisimama na kikombe mkononi, akashtuka. Alikuwa amemtakia mtoto ambaye hajazaliwa ugonjwa aliokuwa anaujua kwa vilio vyake vyote.

Unadhani alifanya nini? Angetubu, angekwenda kumwomba radhi Chiriku. Wapi! Wivu hauendi njia hiyo. Wivu ulimwambia: kama hutaki kumtakia mabaya, basi jipatie na wewe chako. Mdogo wako amepata mara tatu. Basi bahati ipo kwenye nyumba hii, ila wewe hujanyoosha mkono. Alichokisema nesi kuhusu mimba isiyo na kumbukumbu alikisukuma pembeni. Tarehe ya sindano ilipofika alikaa kwenye cherehani, hakwenda kliniki.

Alimwambia mumewe jioni. Baba Meneja aliweka kikombe chini.

"Kweli?"

"Kweli."

"Nini kimekugeuza?"

"Nimefikiri tu," alisema, na huo ukawa uongo wake wa kwanza katika jambo hilo, maana aliloliita kufikiri lilikuwa kumwangalia Chiriku. Baba Meneja hakuuliza tena, aliogopa kuuliza kusije kukaharibu. Wiki hiyo alianza kupaka rangi pembe moja ya chumba chao kwa mabaki ya madebe ya kazini, rangi ya krimu, huku akipiga mbinja. Meneja alimwamuru aanze juu, akaanza juu.

Likizo ya katikati ya mwaka ikapita. Siku moja mchana, barabara imepoa, Chiriku aliingia dukani bila kelele. Hiyo peke yake ilimfanya Mama Meneja ainue kichwa. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Aliweka suruali ya Twiga juu ya meza, ameigeuza nje ndani.

"Dada, pindo liko wapi?"

"Kitambaa hakikutosha."

"Kilitosha. Kilichobaki ulinirudishia mwenyewe, nimetengenezea mfuko."

Mama Meneja akakaza uzi ambao ulikuwa umekaza tayari.

"Ulifanya makusudi," Chiriku alisema. Hakusema kwa ukali.

"Ndiyo," Mama Meneja akasema. Na alipokwisha kusema ndiyo, yote yaliyobaki yakaja kwa mkupuo. "Ndiyo, nilifanya makusudi. Nimechoka kumpima mwanao, Chiriku. Kila mwaka unamleta hapa, unanisimamishia mbele yangu, kapanda tena! Ulisimama sebuleni kwa baba ukasema hupimi. Ukazaa mmoja, ukazaa wa pili, ukazaa wa tatu. Unacheza pata potea na watoto, na unapata! Mimi niliyefanya lililo sawa, baridi ikipiga usiku sijui kama nitaamka na mtoto. Nani kakwambia una haki ya kubahatisha hivyo? Na nani kakwambia uje kunionyesha?"

"Sikuja kukuonyesha."

"Basi usijali. Na mimi nabahatisha sasa. Sindano nimeiacha. Sitaki kuleta mwingine wa kuteseka, Mungu anajua, lakini kama wewe umepata mara tatu na wa nne yuko njiani, mimi nitakosa hata mmoja?"

Chiriku akatafuta kile kistuli cha wateja akakaa.

"Umeiacha lini?" aliuliza.

"Tangu uje na hilo tumbo."

"Usinifuate mimi, Dada."

"Kwa nini? Bahati ni yako peke yako?"

"Mimi sikubahatisha." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Nilipima. Kabla ya harusi, baada ya yale maneno ya sebuleni. Niliona aibu mwenyewe, nikaenda kliniki peke yangu. Sina. Hata hiyo nusu sina. Mume wangu anayo ya kwake, na ya mmoja haimlazi mtoto. Nimezaa watatu najua. Hakuna hata siku moja niliyorusha kitu juu nikafumba macho."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni wa matofali. Mama Meneja alisubiri upite, kana kwamba ukishapita yale maneno yatakuwa mengine.

"Mbona hukusema? Wewe! Wewe ambaye ukiota ndoto mtaa unajua kabla hujanawa uso!"

"Nilitoka kliniki nakimbia kuja kukwambia. Nikakukuta wodini. Meneja vidole vimevimba, umemshikilia hivi, hujabadilisha nguo. Ningekwambia nini, Dada? Kwamba baba na mama walikupa wewe, mimi wakaniruka?"

"Hiyo ni siku moja. Na miaka yote hii?"

Chiriku akainua uso. "Miaka yote hii ulikuwa unanidharau. Nilikuwa nakuona. Nikija na watoto unanitazama, unasema moyoni huyu mjinga, mimi nina akili. Na ukishanitazama hivyo unanyanyuka, unafanya kazi, unacheka na wateja. Nikasema basi, anidharau. Ningekuondolea hilo ungebaki na nini?"

"Toka," Mama Meneja akasema.

Chiriku akatoka, suruali akaiacha.

Mama Meneja alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga. Kwa miaka mingi alikuwa amejiona mwadilifu karibu na mdogo mtu wa kubahatisha, na kumbe mdogo mtu ndiye aliyekwenda kupima kwanza kabla ya kitu chochote, kwa hiari yake, tena bila mtoto mgonjwa wa kumsukuma. Dharau yake ilikuwa haina pa kukaa tena. Ukiiondoa dharau kilichobaki kilikuwa wivu mtupu, wivu wa damu, wa kitu ambacho hakuna aliyekosea na hakuna wa kulaumiwa. Mmoja alipewa, mwingine aliachwa. Alilia kwa hasira, na alipokwisha kulia aliinua pazia. Meneja alikuwa amelala chali, macho ameyafumba kwa nguvu kuliko mtu aliyelala kweli.

Usiku ule na siku zilizofuata alijiuliza jambo moja, na hakulipenda jibu lake. Je, alikuwa anataka mtoto, au alikuwa anataka kulingana na Chiriku? Alijaribu kumfikiria huyo mtoto, sura yake, mikono yake, na kila alipomfikiria alimwona amesimama karibu na Twiga, wanapimwa nani mrefu. Hakuweza kumwona peke yake. Na hesabu ya nesi ilikuwa pale pale ilipoachwa, moja kati ya nne, haikujali nani amezaa wangapi ng'ambo ya barabara.

Alikwenda kliniki. Nesi alikuwa yule yule, amezidi unene, sauti imezidi kushuka. Kwa kuwa tarehe ilikuwa imepita, alimpima kwanza mimba. Mama Meneja alikaa kwenye benchi akisubiri, na hakujua anaombea lipi.

"Huna mimba," nesi alisema. "Nikuchome?"

Alitaka kusema subiri. Alitaka mtu mwingine aseme kwa niaba yake. "Nichome," alisema, akageuza uso ukutani.

Kumwambia Baba Meneja ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuwa juu ya ngazi, pembe ya chumba karibu inakamilika. Aliteremka taratibu, brashi mkononi.

"Ulinipa mtoto kwa mdomo," alisema, "na umenipokonya kwa mdomo. Bila hata kuniuliza."

"Nilikuwa nakupa mtoto wa kumkomoa Chiriku. Huyo hata angekuja mzima nisingemwangalia yeye. Ningekuwa naangalia kwa mama yake mdogo kutwa." Akamweleza yote, na suruali pia. "Siku nikitaka mtoto ambaye Chiriku hayumo, nitakuja mwenyewe tukae tuzungumze. Labda siku hiyo haitafika. Sikudanganyi."

Baba Meneja hakusema sawa. Lakini ile pembe aliimalizia, kwa kuwa ukuta uliopakwa nusu ulikuwa unamkera.

Suruali ya Twiga Mama Meneja aliishona upya kwa kitambaa chake, akaipeleka mwenyewe. Chiriku alifungua mlango, akaipokea, akaipapasa kwa ndani kwenye ncha ya mguu bila kujificha, akasema ahsante. Hawakukaa. Kununiana kwao kuliendelea mpaka Chiriku alipojifungua, msichana, na habari zilipofika Mama Meneja alifunga duka, akamchukua binti yake wakaenda.

Chiriku alikuwa kitandani, amechoka, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mzima?" Mama Meneja aliuliza.

"Mzima."

"Nilijua."

"Na mimi nilijua," Chiriku akasema, na wote wawili wakashindwa kujizuia, wakacheka, mpaka Chiriku akashika tumbo akasema usinichekeshe panauma.

Mama Meneja alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nakuonea wivu, Chiriku," alisema. Hakuwahi kulisema, hata kwa cherehani. "Nakuonea wivu mpaka naumwa. Na sidhani kama utaisha."

"Najua, Dada."

"Nilimwombea mabaya huyu mtoto."

Chiriku alimvuta mtoto karibu. "Hilo sikulijua," alisema. Alimtazama dada yake, akamtazama mtoto, na Mama Meneja alidhani ataambiwa atoke kama alivyomtoa yeye. "Usiniambie tena hilo," Chiriku akasema mwishowe. "Lakini kaa."

Meneja alikuwa ameshapanda upande wa pili wa kitanda, amepanga mito, ametoa amri apewe mtoto na ametoa amri dirisha lifunguliwe. Alipewa. Alimshika kwa uzito wote wa cheo chake, akamchunguza vidole kimoja kimoja, mkono wa kwanza, kisha wa pili. Vilikuwa vyembamba, havijavimba.

"Mama."

"Eh."

"Mimi nikikua, naruhusiwa kuzaa?"

Mama Meneja alikuwa amesikia neno moja tu katika yote yale. Nikikua. Watoto wa watu kila siku aliwaambia mkikua hivi, mkikua vile, lakini kwa huyu wa kwake ulimi ulikuwa haulitamki neno hilo, uliliruka kila mara, na yeye alidhani hakuna aliyegundua.

"Hakuna wa kukuruhusu," alisema. "Ukikua, huyo mwenzako atapima. Akiwa hana, watoto wenu hawataumwa hivi. Akiwa nayo mtakaa wawili mtaamua, na mimi sitatia mdomo."

"Utatia," Chiriku akasema.

"Nitatia kidogo."

Meneja alilifikiria hilo. Mtoto alijinyonganyonga, akatulia. "Na nikizaa," akauliza, bila kuinua macho, "utanionea wivu kama unavyomwonea Mama mdogo?"

Basi alikuwa amesikia kila kitu, siku ile nyuma ya pazia na siku nyingine zote. Mama Meneja alimwangalia binti yake, mabega yale madogo, macho yale yenye umanjano kidogo ambayo madaktari huyafunua kwa kidole.

"Siku hiyo, mwanangu," alisema, "watu watanionea wivu mimi."

Meneja akaridhika. "Haya mshike wewe sasa," akasema. "Mkono huu."

"Umechoka au unauma?"

"Umechoka tu, Mama."